Barua ya wazi kwa mnaotia saini vibali vya ujenzi

Waheshimiwa,

Tetemeko kubwa linapopiga mahali, swali la kwanza la waandishi wa habari huwa ni lile lile: lilikuwa la ukubwa gani? Nanyi mkipanda jukwaani kutoa pole, mnaanza na namba hiyo hiyo. "Tetemeko la 7.8," mnasema, kisha mnanyamaza kidogo, kana kwamba namba imeshamaliza maelezo na binadamu hana lake tena. Nimekagua nondo na zege kwenye majengo kwa zaidi ya miaka 20. Sasa nimestaafu, sina cheo cha kulinda, na nimechoka kuisikia namba hiyo ikisimamishwa kama wakili wa utetezi.

Tuutazame mwaka 2010. Januari 12 Haiti ilipigwa na tetemeko la 7.0. Siku 46 baadaye, Februari 27, Chile ikapigwa na la 8.8. Kila hatua moja ya kipimo hiki ni nishati mara 32 hivi, kwa hiyo tetemeko la Chile lilitoa nishati karibu mara 500 ya lile la Haiti. Sasa hesabuni makaburi. Chile walikufa watu 500 na ushei, tena baadhi yao walichukuliwa na tsunami, hawakuangukiwa na kitu. Haiti walikufa zaidi ya 100,000, na serikali yao yenyewe ilitaja idadi iliyopita mara mbili ya hiyo.

Sitaki kuwadanganya kwamba tofauti yote ni ya majengo. Tetemeko la Haiti lilitokea kina kifupi, kilomita 13 hivi chini ya ardhi, na kitovu chake kilikuwa karibu sana na mji mkuu, Port-au-Prince. La Chile lilipasuka zaidi chini ya bahari, mbele ya pwani. Hiyo ni bahati ya jiografia, nami naikubali. Lakini Chile ilikuwa imeshaonja tetemeko la 9.5 mwaka 1960, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa duniani, ikajifunza na kuandika kanuni kali za ujenzi. Sheria yake humbana aliyejenga na kuuza jengo kwa miaka 10 kama nguzo na boriti zake zitaleta kasoro. Haiti haikuwa na kanuni za ujenzi zilizosimamiwa na mtu yeyote. Jengo la zege la Santiago, mji mkuu wa Chile, na jengo la zege la Port-au-Prince yakipigwa picha siku moja kabla, huenda usingeona ni lipi la kukimbiwa.

Ile namba mnayoitangaza inapima kilichotokea chini ardhini, pale miamba ilipokatika. Ni moja kwa tetemeko zima. Kilichowapata watu juu kina kipimo chake, kile cha Mercalli chenye ngazi 12, na hicho hubadilika mtaa kwa mtaa. Ngoma ni moja, lakini aliye kando yake huziba masikio, na aliye ng'ambo ya mto hudhani kuna mtu anatwanga. Juni 9, 1994 lilipiga tetemeko la 8.2 chini ya Bolivia. Watu walilihisi mpaka Kanada, na madhara yalikuwa kidogo mno kwa namba kama ile, kwa sababu miamba ilikatika kilomita 630 hivi chini. Mawimbi yalifika juu yakiwa hoi.

Linganisheni na Christchurch, New Zealand. Septemba 4, 2010, alfajiri, tetemeko la 7.1 lilipiga kilomita 40 hivi magharibi mwa mji, na hakuna aliyeuawa nalo moja kwa moja. Watu wakashukuru Mungu, wakafagia vioo vilivyovunjika. Februari 22, 2011, saa 6 na dakika 51 mchana, likaja dogo lake, la 6.2. Safari hii kina kilikuwa kilomita 5 tu, karibu kabisa na mji, na ofisi zimejaa watu. Walikufa 185. Kwa mpangilio wa wataalamu hilo la pili lilikuwa mtikisiko wa kufuatia lile la kwanza, neno ambalo masikioni mwetu husikika kama jambo la kupoa. Nitarudi Christchurch, maana kuna karatasi pale inayowahusu.

Kabla ya hapo nizungumzie udongo, kitu ambacho sijawahi kukiona kikijadiliwa kwa dakika tano nzima kwenye kikao cha kupitisha ramani. Septemba 19, 1985, tetemeko la 8.0 lilipiga pwani ya Meksiko, zaidi ya kilomita 350 kutoka jiji la Mexico. Miji iliyokuwa karibu zaidi ilitikisika, lakini jiji hilo la mbali ndilo lililozika maelfu. Sehemu yake kubwa imejengwa juu ya tope la ziwa la kale, Texcoco. Mawimbi yalipoingia kwenye udongo ule wa mfinyanzi uliolowa, yalikuzwa mara kadhaa kuliko yalivyokuwa kwenye vilima vya mawe vya jiji hilo hilo, na udongo ukawa unakwenda na kurudi kwa mdundo mmoja wa sekunde 2 hivi.

Fanyeni jaribio hili mezani. Chomekeni vijiti vitatu kwenye ubao, kimoja kifupi, kimoja cha kadiri, kimoja kirefu, na juu ya kila kimoja bandikeni kidonge cha udongo. Sogezeni ubao mbele na nyuma polepole: kirefu kitayumba na vingine vitatulia. Ongezeni kasi, na kirefu kitatulia huku kile cha kati kikicheza kama kimepagawa. Ongezeni tena, sasa kifupi ndicho kitakachotetemeka. Kila jengo lina mdundo wake wa kuyumba, na mdundo wa ardhi ukilingana na wake, kila mtikiso unaongeza uliotangulia, kama mtu anayesukuma bembea kwa wakati wake. Mexico mwaka ule majengo ya ghorofa 6 hadi 15 ndiyo yaliyokuwa na mdundo wa lile tope, nayo yaliporomoka kwa wingi. Nyumba fupi za kizamani zilizokuwa jirani zilibaki. Jengo refu la Torre Latinoamericana, ghorofa 44, nalo lilibaki limesimama. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama jengo refu ni hatari kuliko fupi, jibu langu ni swali: limesimama juu ya nini?

Kuna udongo mwingine ambao haukuzi mtikiso, unakimbia tu. Jazeni ndoo mchanga uliolowa maji, wekeni jiwe juu yake, kisha gongeni ubavu wa ndoo mfululizo kwa kiganja. Maji yanapanda, mchanga unalegea, jiwe linazama. Niigata, Japani, Juni 16, 1964, majengo ya makazi yaliyojengwa kwa zege imara yalilala chali yakiwa mazima, kuta hazijapasuka, kwa sababu mchanga uliokuwa chini yake uligeuka uji. Wakazi wengine walitoka kwa kutembea juu ya ukuta wa nje. Wahandisi wa majengo yale hawakukosea nguzo hata moja. Kosa lilikuwa chini ya nguzo, na chini ya nguzo ndiko ambako kibali hutolewa bila mtu kutoboa shimo.

Moto, maporomoko na mawimbi ya bahari navipitia haraka, ingawa vimeua wengi. Tokyo na Yokohama, Septemba 1, 1923, tetemeko lilipiga dakika 2 kabla ya saa 6 mchana, majiko yakiwa yamewashwa kwa chakula cha mchana, na zaidi ya watu 100,000 walikufa, wengi wao kwa moto. Mji wa Yungay, Peru, ulizikwa Mei 31, 1970 na theluji, mawe na matope yaliyoporomoka kutoka mlima Huascarán. Hayo nayo yana maamuzi ndani yake: upana wa barabara, mahali pa kuruhusu mji ukue. Lakini mnalolimiliki ninyi kwa kalamu, moja kwa moja, ni jengo.

Nyumba hujengwa kubeba uzito unaoshuka. Sakafu inalemea boriti, boriti inalemea nguzo, nguzo inalemea msingi, na hata fundi asiyejua hesabu hufaulu hapo kwa mazoea. Tetemeko halileti uzito wa kushuka, linavuta ardhi kwa upande. Abiria aliyesimama kwenye basi anaujua ukweli huu: dereva akiondoa gari ghafla, miguu inakwenda na gari na kiwiliwili kinabaki. Jengo ndivyo lilivyo, na kadiri kiwiliwili kinavyokuwa kizito ndivyo miguu inavyoteseka. Ndiyo maana nyumba za udongo zenye paa zito za Bam, Irani, ziliua zaidi ya watu 26,000 Desemba 26, 2003 kwa tetemeko la 6.6, wakati nyumba nyepesi ya mbao iliyofungwa vizuri huweza kupitia mtikiso kama ule ikalia na kunyamaza.

Sasa naomba mnivumilie kwenye jambo dogo la chuma, maana roho za watu ziko hapo. Nguzo ya zege ina nondo za kusimama, ambazo kila mtu huzihesabu, na ina ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozizunguka. Jengo likiwa limetulia ringi huonekana kama gharama ya bure. Ardhi ikianza kusukuma huku na huku, zege la nje la nguzo hubanduka kama ganda, na kinachobaki kubeba ghorofa zote ni kiini kilichofungwa na ringi. Zikiwa zimekaribiana, na ncha zake zimekunjwa nyuzi 135 kuingia ndani ya kiini, kiini hakitoki. Zikiwa zimekunjwa nyuzi 90 tu, ganda likitoka ringi inafunguka kama mkanda usio na bizimu, nondo zinatanuka kwa nje, zege linamwagika kama kokoto, na sakafu ya juu inailalia ya chini yake. Kati ya 90 na 135 kuna mvuto mmoja zaidi wa mkono wa fundi kwenye meza ya kukunjia.

Niliwahi kufika kwenye jengo la ghorofa sita siku moja kabla ya zege. Kwenye maungio ya nguzo na boriti, pale ambapo ramani ilisema ringi zipishane sentimita 10, nilipima 30. Nilipima mara tatu mbele ya msimamizi, nikaandika kwamba zege lisimwagwe. Jioni nikapigiwa simu kutoka ofisi ambayo siitaji, nikaambiwa jambo hilo limeshazungumzwa. Asubuhi nilipofika, vijana walikuwa wanaosha mashine. Zege lilimwagwa usiku. Lilikuwa limelainishwa vizuri sana, niseme haki, halina hata tundu moja. Jengo lile lipo mpaka leo na lina wapangaji. Halijaanguka kwa sababu bado halijaulizwa swali.

Jambo la pili ni ghorofa ya chini. Juu kuna vyumba na kuta za kutosha. Chini, kwa kuwa tunataka maduka yenye vioo au nafasi ya magari, kuta zinaondolewa na jengo linabaki limesimama kwa miguu mitupu. Mtikiso wote hujikusanya kwenye ghorofa hiyo dhaifu. Mara nyingi jengo la namna hii lilikwishapita ukaguzi likiwa na kuta zake, kisha mwenye nyumba akaja kuomba "marekebisho madogo" na ombi likapita bila mhandisi kuliona. Saini ya marekebisho madogo imeua watu wengi, lakini haitajwi kwenye taarifa za maafa.

Nilisema nitarudi Christchurch. Kati ya wale 185 waliokufa, 115 walikufa kwenye jengo moja, la kituo cha televisheni cha CTV, lililosanifiwa mwaka 1986. Tume ya uchunguzi iliyoundwa baadaye ilikuta kwamba usanifu wake haukutimiza kanuni zilizokuwepo wakati ule na kwamba kibali chake hakikustahili kutolewa. Baada ya tetemeko la Septemba jengo hilo lilikaguliwa haraka haraka, bila mhandisi, likabandikwa karatasi ya kijani ya kuruhusu watu kuendelea kulitumia. Tume ile haikuishia kusema "lilikuwa la 6.2". Ilifungua majalada ikafuata saini. New Zealand ni nchi yenye fedha, wahandisi na kanuni, na bado saini moja ilipenya.

Kwenye nchi ambazo saini hununuliwa, wataalamu wawili, Nicholas Ambraseys na Roger Bilham, walifanya hesabu mwaka 2011. Walikuta kwamba asilimia 83 ya vifo vyote vya kuangukiwa na majengo katika matetemeko ya miaka 30 iliyotangulia vilitokea kwenye nchi zenye rushwa kupita kiasi unachokitarajia kwa kipato chake. Umaskini peke yake haukutosha kueleza makaburi yale. Nayo Uturuki mwaka 2018 ilitoa msamaha kwa majengo yaliyokiuka kanuni: mwenye jengo alipe ada, apewe hati, yaishe. Waliomba mamilioni. Februari 6, 2023, saa 10 na dakika 17 alfajiri, tetemeko la 7.8 liliwakuta watu vitandani, na zaidi ya 50,000 walikufa nchini humo. Sisemi kila jengo lililoanguka lilikuwa na hati ya msamaha. Nasema hati haikunji ringi.

Msidhani naandika kuwalaumu tu, maana najua mtu mmoja kwenye nafasi ndogo anaweza kufanya nini. Sangzao, jimbo la Sichuan, China, kulikuwa na mwalimu mkuu, Ye Zhiping, aliyekabidhiwa shule yenye jengo bovu. Kwa miaka kadhaa alihangaika na ofisi za juu kuomba fedha kidogo kidogo, akanenepesha nguzo, akaimarisha kuta, akawafundisha wanafunzi kutoka madarasani kwa mpangilio. Sidhani kama alipendwa sana na wahasibu. Mei 12, 2008, saa 8 na dakika 28 mchana, tetemeko la 7.9 lilipiga. Katika jimbo lile wanafunzi zaidi ya 5,000 walikufa kwa hesabu ya serikali, wengi chini ya vifusi vya shule zao. Shule yake ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 2,000. Wote walitoka wazima.

Kwa hiyo ninachowaomba hakihitaji mitambo ya kubashiri, na yeyote atakayekuja ofisini kwenu akidai kujua siku na saa ya tetemeko, mpeni maji ya kunywa na mwonyesheni mlango. Naomba ramani za udongo zilizofungiwa kabatini zitolewe, ili mtu anayenunua kiwanja ajue kama ananunua mwamba au ziwa lililokauka. Naomba ukaguzi uhamishwe kutoka baada ya zege uje kabla ya zege, mkaguzi aingie na futi ya kupimia, apige picha kila maungio, na picha hizo zihifadhiwe pamoja na kibali mahali ambapo mpangaji yeyote anaweza kuziona. Zege likishamwagwa, hata mimi na miaka yangu 20 naona kijivu tu. Mtu akiomba kuvunja ukuta wa ghorofa ya chini, ombi lake lipite kwa mhandisi kama jengo jipya. Shule na hospitali ziimarishwe kwanza, maana hospitali ikianguka, hata waliookolewa kwenye majengo mengine wanakosa pa kupelekwa. Na tangazo la kusamehe majengo mabovu kwa ada lisipitie tena mezani kwenu, hata mwaka wa uchaguzi. Hasa mwaka wa uchaguzi.

Na siku ya kutoa pole ikifika, baada ya kutaja ukubwa, tajeni pia kina, udongo, mwaka wa kila jengo lililoanguka na ofisi iliyolipitisha.

Siku ile niliyopima sentimita 30, niliokota ringi moja iliyokuwa imebaki chini karibu na meza ya kukunjia. Ninayo hapa, huizuia karatasi zangu zisipeperuke. Ncha zake zimekunjwa nyuzi 90. Ofisi yoyote kati ya zenu ikitaka kuiona, nitaileta mwenyewe.

Mkaguzi mstaafu wa majengo